Mwenye nyumba anapokutaka uhame kwa sababu ulilalamika: namna ya kumjibu kwa barua

Migogoro mingi kati ya wapangaji na wenye nyumba mjini Dodoma haianzi na kodi. Huanza na chemba iliyoziba na kumwaga maji machafu uani, paa linalovuja mvua za Januari zinapokolea, bili ya maji inayogawanywa bila wapangaji kuonyeshwa karatasi yake, au LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya pamoja ambayo wawili hununua umeme na nyumba nzima hutumia. Mpangaji akilalamika mara ya kwanza hupewa ahadi. Akilalamika tena, au akifika ofisi ya mtaa au kwa afisa afya wa kata, lugha hubadilika, na siku chache baadaye hupokea ujumbe wa simu unaomtaka aondoke mwisho wa mwezi. Hakuna anayemwambia kwamba anafukuzwa kwa sababu alilalamika. Huambiwa kwamba kuna ndugu anakuja, kwamba vyumba vinakarabatiwa, au kwamba nyumba imeuzwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuujibu ujumbe wa aina hiyo kwa maandishi, na kwa nini barua yenye nguvu siyo ile inayomtuhumu mwenye nyumba kwa kisasi, bali ile inayopanga tarehe kwa mfuatano wake na kusimama juu ya mambo ambayo sheria yetu inayatambua.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini vitisho hivi vina nguvu Dodoma. Kwa mujibu wa sensa, Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na mwaka 2022 lilikuwa na 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia rasmi makao makuu, watumishi wakaja na familia zao, mji wa serikali wa Mtumba ukajengwa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kiliendelea kuleta wanafunzi ambao wengi wao hulala mitaani. Mwenye nyumba wa Ilazo, Nkuhungu au Makole anajua kwamba chumba kikibaki wazi leo, dalali ataleta mtu mwingine baada ya muda mfupi, pengine kwa kodi ya juu zaidi. Mpangaji naye anajua kwamba akihama atadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na malipo ya dalali ambayo kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo neno "hama" lina uzito mkubwa hata linapotamkwa na mtu asiye na haki ya kulitamka siku hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wapangaji wengi hupotea. Ziko nchi ambako kumfukuza mpangaji kwa sababu alilalamika ni kosa lenye jina lake. Katika shauri la Edwards dhidi ya Habib la mwaka 1968, mahakama ya rufaa ya Washington, Marekani, ilimsikiliza mpangaji wa mwezi kwa mwezi aliyeripoti ubovu wa nyumba kwa mamlaka za jiji. Wakaguzi walikuta kasoro zaidi ya 40, na mwenye nyumba akamtaka aondoke. Mahakama ilisema kwamba mwenye nyumba anaweza kuumaliza upangaji wa namna hiyo kwa sababu yoyote halali, au hata bila kutoa sababu, lakini hawezi kuutumia uhuru huo kumwadhibu mtu aliyeripoti uvunjaji wa kanuni za afya. Uingereza nayo ilitunga kinga yake mwaka 2015: halmashauri ikishamwandikia mwenye nyumba rasmi kwamba arekebishe ubovu, kwa miezi sita hakuweza kutumia njia ya notisi isiyo na sababu.

Tanzania haina kifungu kama hicho kwa mpangaji wa kawaida wa nyumba ya kuishi, na ninaona ni upungufu mkubwa katika sheria zetu, hasa kwa miji inayokua kwa kasi ya Dodoma. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo iliweka mipaka ya kodi na kutaja sababu za kumtoa mpangaji, ilifutwa mwaka 2005. Wapo wazee wanaoendelea kuisimulia kana kwamba ingalipo, na baadhi ya barua za wapangaji bado huitaja. Barua inayoegemea sheria iliyofutwa humrahisishia kazi mwenye nyumba, kwa sababu atakayeisoma atalipuuza hata lile lililo sahihi ndani yake.

Tulichonacho ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ambayo sehemu yake kuhusu upangishaji inamhusu pia mtu aliyepanga chumba kimoja uswahilini. Ndani ya sheria hiyo, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ana haki ya kukaa kwa utulivu katika muda wote wa upangaji wake bila kusumbuliwa na mwenye nyumba, hata kama mkataba haukuliandika jambo hilo. Upangaji wa muda mfupi unaweza kuwa wa mdomo na ukawa halali. Upangaji usiotajwa mwisho wake huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na anayetaka kuumaliza anapaswa kutoa notisi isiyo fupi kuliko kipindi hicho. Aliyepanga mwezi kwa mwezi hawezi kuambiwa leo aondoke baada ya siku nne. Hata mpangaji anayedaiwa kodi hapotezi upangaji wake siku ileile anayochelewa: anatakiwa kupewa notisi inayoeleza deni na muda wa kulilipa. Na mpangaji asipokubali kuondoka, njia salama ya kumtoa ni kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani kuomba amri, ambayo hutekelezwa na dalali wa mahakama au wa baraza, siyo vijana waliotumwa kung'oa mlango na kutoa vyombo nje.

Hoja hizo zinatosha kujenga barua, lakini lazima nieleze pia kile ambacho haziwezi kukifanya. Muda uliolipiwa ukiisha na notisi ikatolewa ipasavyo, mwenye nyumba anaweza kukataa kuendelea na mpangaji, hata kama moyoni sababu ni ile chemba. Barua haiwezi kuugeuza upangaji kuwa wa kudumu. Inachoweza kuleta ni muda wa kutafuta nyumba nyingine bila kukimbizwa, kurejeshewa fedha uliyolipa mbele, usalama wa vyombo vyako katika kipindi hicho, na kumbukumbu itakayosomeka barazani kama mambo yataharibika. Kwa familia yenye watoto shuleni, miezi mitatu ni jambo kubwa.

Tuchukue mfano. Mpangaji wa vyumba viwili Nkuhungu analipa Sh80,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Januari alilipa Sh480,000 za miezi sita. Tarehe 10 Machi alimweleza mwenye nyumba kwamba chemba imeziba, na jioni yake akamkumbusha kwa ujumbe wa simu. Halikufanyika lolote, akaenda kwa afisa afya wa kata, ambaye chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ana mamlaka ya kukagua na kuagiza kero ya namna hiyo iondolewe. Afisa alifika tarehe 24 Machi. Tarehe 27 Machi usiku ukaja ujumbe: "Tarehe 31 vyumba viwe wazi, nina matumizi navyo."

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni hasira, na pengine kweli ana haki ya kukasirika. Hata hivyo barua iandikwe kwa heshima ileile ambayo angeitumia uso kwa uso: "Mzee" abaki Mzee, na "Mama" abaki Mama. Hilo lina faida ya moja kwa moja kwa mwandishi, kwa sababu msomaji wa pili wa barua hii ni mwenyekiti wa mtaa, na wa tatu anaweza kuwa mwenyekiti wa baraza, na wote wawili watamsikiliza kwanza yule aliyejizuia. Baada ya anwani na tarehe, kichwa kitaje jambo moja tu: "Yah: Ujumbe wako wa tarehe 27 Machi unaonitaka nihame tarehe 31 Machi." Kisha barua iende hivi:

"Mimi ni mpangaji wa vyumba viwili katika nyumba yako iliyopo Nkuhungu. Tarehe 1 Januari nilikulipa Sh480,000, ikiwa ni kodi ya miezi sita inayoishia tarehe 30 Juni, na uthibitisho wa muamala ninao. Sidaiwi kodi.

"Tarehe 10 Machi nilikueleza kwamba chemba imeziba na maji machafu yanatoka karibu na mlango wa jiko, na jioni yake nikakutumia ujumbe kuhusu jambo hilo. Tarehe 24 Machi afisa afya wa kata alifika kukagua. Tarehe 27 Machi ulinitumia ujumbe unaonitaka nihame baada ya siku nne. Kabla ya tarehe 10 Machi hatukuwahi kuzungumza juu ya mimi kuhama.

"Naheshimu haki yako ya kuamua nani akae katika nyumba yako muda wangu utakapokwisha. Kwa kuwa muda nilioulipia haujaisha, sikubali kuhama tarehe 31 Machi, na nitaendelea kuishi hapa kwa amani hadi tarehe 30 Juni. Kama ipo sababu nyingine ya kuvunja makubaliano yetu, naomba unieleze kwa maandishi ndani ya siku saba.

"Kama unavihitaji vyumba mapema, niko tayari tukae mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa sharti kwamba nirejeshewe kabla ya kuhama Sh240,000 za miezi ya Aprili, Mei na Juni."

Neno kisasi halimo humo, na sikulisahau. Kisasi ni jambo la nia, na nia ya mtu haithibitishwi kwa kuitaja. Huthibitishwa kwa kuonyesha kitu gani kilitangulia na kitu gani kilifuata. Ukiandika "unanifukuza kwa kisasi", mwenye nyumba atajibu "siyo kweli", na mjadala utahamia moyoni mwake, mahali ambapo hakuna shahidi. Ukiandika tarehe tatu zilizofuatana ndani ya siku 17, itabidi yeye ndiye aeleze kwa nini hayo matumizi ya vyumba yalijitokeza siku tatu baada ya afisa afya kufika. Sentensi nzito kuliko zote katika barua ile ni ile inayosema kwamba kabla ya malalamiko hapakuwa na mazungumzo ya kuhama, na kwa sababu ya uzito huo isiandikwe kabisa kama si kweli. Ikiwa mwenye nyumba aliwahi kugusia mwezi Februari kwamba mwanawe anarudi kutoka Mwanza, basi andika hivyo hivyo, ueleze na mlivyokubaliana. Barua yenye uongo mmoja mdogo hupoteza hata kweli zake.

Kuomba sababu kwa maandishi nako kuna kazi yake. Mwenye nyumba asipojibu, ukimya wake utasomwa pamoja na barua. Akijibu kwa kutaja sababu ambayo hakuwahi kuitaja awali, kwa mfano kwamba una kelele au kwamba wageni wako ni wengi, utakuwa na maandishi yake na utaweza kuuliza kwa nini hakuna onyo lolote lililowahi kutolewa kuhusu jambo hilo.

Hali huwa ngumu zaidi kwa mpangaji asiye na mkataba ulioandikwa, anayelipa mwezi kwa mwezi, na hao ni wengi. Yeye hana tarehe 30 Juni ya kuishikilia. Barua yake ijenge upangaji wenyewe kwanza: alianza lini kuishi hapo, hulipa kiasi gani na tarehe ngapi, kwa njia gani, na nani wanajua. Risiti ni nzuri, lakini daftari la mwenye nyumba lililopigwa picha, kumbukumbu za M-Pesa, na ushahidi wa balozi wa nyumba kumi au jirani vinaweza kufanya kazi hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ujumbe ukataliwe kuwa ushahidi kwa sababu tu upo kwenye simu. Kwa hiyo usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na picha za skrini zionyeshe namba na tarehe. Baada ya kujenga msingi huo, aombe notisi ya kipindi kamili badala ya siku nne, na aeleze kwamba ataendelea kulipa hadi kipindi hicho kiishe.

Aliye na mkataba ulioandikwa ausome kabla ya kuandika neno lolote, hasa kipengele cha notisi na cha kuvunja mkataba. Ahakikishe pia kama ulilipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa mikataba ya pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa sababu mkataba usiolipiwa unaweza kupingwa usipokelewe kama ushahidi hadi ushuru huo ulipwe. Wapangaji wa nyumba za umma, kama zile za Shirika la Nyumba la Taifa, wana mikataba na taratibu zao, na wafuate hizo.

Namna ya kuifikisha barua ni muhimu sawa na maneno yake. Chapa au andika nakala mbili. Mwenye nyumba asaini na kuweka tarehe kwenye moja, ubaki nayo. Wengi hukataa kusaini kwa kuona kwamba kusaini ni kukubali. Mweleze kwa upole kwamba anasaini kupokea tu, na akikataa tena, mwombe mwenyekiti au mtendaji wa mtaa agonge muhuri wa kupokea nakala, kisha piga picha ya barua na kuituma kwenye simu ya mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kwa mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam au Singida, Posta hutoa stakabadhi ya barua ya rejista, nayo itunzwe. Ningeshauri pia kwamba mpangaji asianze na karatasi. Katika jamii yetu barua inayoletwa bila mazungumzo huchukuliwa kuwa tangazo la vita, na baba mwenye nyumba ambaye angesikiliza akiwa amekaa kibarazani atajifunga akiona nakala imekwenda kwa mtendaji. Nenda kwanza, zungumza, kisha siku hiyohiyo andika mlichozungumza. Kama tayari kuna matusi au vitisho vya kupigwa, hatua hiyo ya mazungumzo irukwe. Nenda kituo cha polisi, uchukue namba ya RB (ya taarifa yako katika kitabu cha polisi), na uitaje katika barua.

Kosa linalowaangusha wapangaji wengi kuliko barua mbaya ni kuacha kulipa kodi kwa hasira. Mtu hujiambia kwamba hatalipia nyumba inayonuka, na siku hiyo humpa mwenye nyumba sababu halali aliyokuwa ameikosa. Endelea kulipa kwa wakati na kwa njia inayoacha alama. Mwenye nyumba akiikataa fedha ili baadaye adai hujalipa, mwandikie kwamba ulimpelekea kodi ya mwezi fulani, tarehe fulani, akaikataa, na kwamba fedha ipo na ataipata wakati wowote.

Kuwa mwangalifu pia na unachomtuhumu. Huduma ikikatwa baada ya kitisho, mpangaji huamini mara moja kwamba mwenye nyumba ndiye aliyekata, lakini Dodoma ni mji wa mgao wa maji. Sehemu kubwa ya maji yake imetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na mabomba hukauka bila mkono wa mtu. Angalia kama majirani wana maji, piga picha koki iliyofungwa, uliza DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ndipo uandike. Ikithibitika kwamba aliyekata maji au umeme ni mwenye nyumba mwenyewe ili kukusukuma utoke, hapo ile haki ya kukaa kwa utulivu imeguswa waziwazi, na barua ya pili iseme hivyo ikitaja siku, saa na mashahidi.

Mazungumzo na barua yakishindikana, shauri linaanzia Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halihukumu tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa hutoa hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa. Hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kwenda mbele hata bila hati. Kwenye Baraza la Wilaya mpangaji anaweza kuomba zuio la muda ili asitolewe shauri likiendelea. Kama umeshahama na unachodai ni fedha tu, yaani kodi ya miezi iliyobaki, mara nyingi dai hilo huchukuliwa kuwa la mkataba wa kawaida na linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kiswahili kinatosha kote huko. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Aprili 2023, imewafanya wajulikane zaidi. Uliza ofisi ya kata wanapatikana wapi, na uende na barua zako zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Ukifikia makubaliano ya kuondoka, usitoke kwa neno la mdomo. Andikeni karatasi ya mwisho yenye tarehe ya kuhama, kiasi cha kodi kinachorudishwa, hali ya vyumba, usomaji wa mita ya maji na salio la LUKU, na itaje kwamba hakuna anayemdai mwenzake zaidi ya hapo. Wote wawili wasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na funguo zikabidhiwe fedha ikishapokelewa, siyo kabla.